Nyutro Moja kwa Sakiti Tatu za Taa: Soma Hapa Kabla Fundi Hajavuta Waya

Leo naweka pembeni chanjo na chakula cha kuku. Nataka tuongee kuhusu waya mmoja tu, ule ambao mafundi umeme wanauita nyutro. Mwaka jana waya huo uliua vifaranga kwenye banda la kijana mmoja ninayemhudumia, na tangu siku hiyo nimeshaukuta umefungwa vilevile kwenye mashamba mengine matatu.

Niseme mapema: mimi ni bwana shamba, si fundi umeme. Haya nimeyaelewa kwa kukaa na mafundi wenye leseni, kuwauliza maswali ya kijinga bila aibu, halafu kupiga hesabu mwenyewe. Sikuandikii ili ushike plaizi. Nataka tu fundi akikwambia "bosi, hapa tunaokoa waya", ujue unaokoa nini na unaweka rehani nini.

Kilichotokea chini ya mlima

Ilikuwa Julai. Wanaoishi huku upande wa Mlali wanajua, mwezi huo upepo wa Uluguru unashuka usiku na asubuhi unatafuta koti. Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu ikaita: "Bwana shamba, shikamoo. Vifaranga wanaisha huku. Sijui ni gumboro."

Kijana huyu alikuwa na vifaranga 600 wa mayai, umri siku tisa. Nyuma ya nyumba ana mashine ya kusaga na kuchanganya chakula, kwa hiyo alishavuta umeme wa njia tatu. Kutoka mein swichi hadi mabandani ni kama mita 60. Mabanda yapo matatu, yamefuatana: la kwanza vifaranga, la pili kuku wanaokua pamoja na chumba cha kijana anayelala shambani, la tatu siku hiyo lilikuwa tupu.

Nilipofika nikachinja na kupasua wawili watatu. Hakuna dalili ya gumboro. Nikaangalia walivyokufa: wamelaliana kwenye kona, wa chini wamebanwa, wa juu wako hai wanalia. Hiyo ni baridi, si ugonjwa. Nikauliza taa za joto zilizimika saa ngapi. Akasema hajui, ila umeme haukukatika maana mashine ya kusaga ameiwasha saa kumi na moja na imefanya kazi kama kawaida. Sakiti breka zote zilikuwa juu. Luku ina uniti. Akachukua tesita, akagusa kwenye holda ya taa ya joto: inawaka. Akagusa upande wa pili wa holda: inawaka pia. Tesita inawaka kotekote, taa haiwaki!

Banda la pili balbu zote zilikuwa zimeungua. Chaja ya simu ya kijana wa shamba nayo ilikufa, ina harufu ya kuungua. Yeye akasema usiku aliona mwanga umekuwa mkali mno ghafla, halafu giza. Akadhani umeme umekatika, akalala.

Tulihesabu mizoga 173. Mchana fundi mwenye leseni akaja kutoka mjini, akapita moja kwa moja kwenye boksi la ukutani nje ya banda la kwanza, akalifungua. Ndani kulikuwa na konekta moja imeungua na kuwa nyeusi. Ilikuwa ya nyutro. Nyutro moja ya banda zote tatu.

Umeme wa njia tatu unakujaje

Mitambo mikubwa ya kuzalisha umeme, kama ile ya Kidatu hapa mkoani kwetu yenye MW 204, ina seti tatu za koili zilizopangwa kwenye duara. Kila seti inatoa umeme wake, na kila mmoja unachelewa kidogo nyuma ya mwenzake, theluthi moja ya mzunguko. Umewahi kuona akina mama watatu wakitwanga kwenye kinu kimoja? Kila mmoja ana zamu yake, mchi haugongani. Ndiyo fezi tatu hizo, na kwa umeme wetu zamu hizo zinarudi mara 50 kwa sekunde.

Kwenye nguzo ya TANESCO ya njia tatu kuna nyaya tatu za moto na moja ya nyutro. Ukipima kati ya waya wowote wa moto na nyutro unapata kama volti 230. Hiyo ndiyo ya taa, chaja na friji. Ukipima kati ya moto na moto unapata kama volti 400. Hiyo ndiyo inayozungusha mota ya mashine yako. Shika namba hizo mbili, 230 na 400. Msiba wote upo kati yake.

Mota ya njia tatu inajitosheleza kwa nyaya tatu za moto, haihitaji nyutro. Ndiyo maana mashine ya kijana ilisaga vizuri alfajiri ile wakati vifaranga wanakufa. Kwa hiyo kusema "mashine inafanya kazi" hakuthibitishi kwamba umeme wa taa uko salama.

Hapo fundi hakudanganya

Fundi wa kwanza aliyefunga mabanda alimwambia kijana hivi: "Banda tatu, sakiti tatu. Nikivuta kila moja na nyutro yake, ni nyaya sita mara mita 60, yaani mita 360. Nikitumia nyutro moja kwa zote, ni nyaya nne, mita 240. Unaokoa mita 120." Hesabu ni sahihi kabisa.

Akaongeza: "Na nyutro haitalemewa." Hapo pia ana ukweli, mradi kila sakiti iko kwenye fezi yake. Kwa kuwa fezi zinapishana zamu, mikondo yao ikikutana kwenye nyutro inafutana. Angalia:

- Sakiti tatu, kila moja ampea 5: nyutro inabeba 0.
- Mbili zinawaka ampea 5 kila moja, ya tatu imezimwa: nyutro inabeba 5.
- Moja tu inawaka ampea 5: nyutro inabeba 5.
- Moja ampea 6, nyingine 4, nyingine 2: nyutro inabeba kama 3.5.

Kwa balbu za kawaida za uzi na taa za joto, nyutro ya pamoja haizidi mkondo wa ile sakiti kubwa kuliko zote. Hata upotevu wa volti njiani unapungua. Kwa hiyo anayekwambia nyutro ya pamoja ni upuuzi mtupu, naye hajakwambia ukweli wote. Wamarekani wanairuhusu kwenye majengo yao, ila kwa masharti: tangu kanuni zao za mwaka 2008, breka za sakiti zinazochangia nyutro lazima zizimike zote kwa pamoja, na muungano wa nyutro usitegemee holda wala soketi, yaani ukifungua kifaa kimoja nyutro ya wengine isikatike. Uingereza, ambako mafundi wetu wamerithi mambo mengi, utaratibu ni mwingine: kila sakiti ya mwisho inajitegemea, na nyutro yake ni yake peke yake.

Tatizo ni kwamba fundi wa kijana alipiga hesabu ya siku nzuri tu. Hakupiga hesabu ya siku nyutro inapoachia.

Kigingi kikichomoka

Chukua pete ya chuma. Ifungie kamba tatu, wape watu watatu wasimame kuzunguka kiwanja kwa umbali sawa. Katikati ya kiwanja piga kigingi, pete uivike hapo. Sasa wavute.

Wakivuta kwa nguvu sawa, kigingi hakina kazi. Unaweza hata kudhani hakihitajiki. Mmoja akivuta zaidi, pete inataka kwenda kwake lakini kigingi kinaishikilia. Kila mmoja anabaki na umbali uleule kutoka kwenye pete.

Halafu kigingi kinachomoka. Pete inakwenda kwa mwenye nguvu. Yeye umbali wake unakuwa mfupi, na mnyonge anabaki mbali sana na pete.

Watu hao ni sakiti zako tatu. Nguvu ya kuvuta ni wati za taa ulizowasha. Umbali kutoka kwa mtu hadi kwenye pete ndiyo volti inayoingia kwenye taa zake. Kigingi ndiyo nyutro. Wengi tunadhani nyutro ni njia ya umeme kurudi tu, na kwa kuwa mkondo wake mara nyingi ni mdogo tunaidharau. Kazi yake kubwa ni kushikilia kila fezi kwenye volti 230.

Sasa turudi kwenye mabanda. Banda la kwanza lilikuwa na taa za joto nne za wati 250, jumla wati 1000. Banda la pili balbu mbili za uzi za wati 100, jumla wati 200. La tatu limezimwa. Nyutro ilipoachia, banda la kwanza na la pili yakabaki yamefuatana kwenye uzi mmoja, yamebanwa kati ya fezi mbili zenye volti 400.

Wati 1000 kwa wati 200 ni 5 kwa 1. Gawanya 400 kwa sehemu sita. Mwenye mzigo mkubwa anapata sehemu moja, mwenye mzigo mdogo anapata sehemu tano:

- Taa za joto: kama volti 67.
- Balbu za banda la pili na chaja ya simu: kama volti 333.

Uzi wa balbu ukipoa au ukipata moto zaidi unabadilika, kwa hiyo namba halisi zinasogea, tena zinasogea kwenda upande mbaya. Taa za joto zikafifia na kuwa nyekundu ya kaa linalozima. Balbu za banda la pili zikawaka kama jua, zikaungua, na chaja ikafuata. Zilipoungua, hata ile njia ya kuazima ikakatika. Taa za joto zikazimika kabisa. Umeme umefika mlangoni, ila hauna pa kupitia. Ndiyo maana tesita iliwaka pande zote mbili za holda: upande wa pili ulikuwa nyutro isiyo na mahali pa kurudi, kwa hiyo nayo ikawa na moto.

Na kwa nini breka haikuanguka? Breka inaangalia mkondo ukizidi. Hapa mkondo haukuzidi, ulipungua! Ukipiga hesabu unakuta kama ampea 1.3 tu. Breka haikuona kosa lolote, na luku nayo haikuona.

Mitego mingine ambayo mafundi wengi hawasemi

Kuachia kwa nyutro ndiyo hatari kubwa, ila kuna nyingine za kila siku, hasa kwetu shambani.

1. Fezi moja ikikosekana. Hili linatokea mara nyingi: fezi moja haina umeme, mkulima ana haraka, fundi anahamisha sakiti zote kwenye fezi iliyobaki. Sasa zamu hazipishani tena. Mikondo haifutani, inajumlishana. Sakiti tatu za ampea 8 zinaleta ampea 24 kwenye nyutro moja ya waya wa milimita 1.5. Waya huo umepita uwezo wake, na hakuna breka inayolinda nyutro. Kila breka inaona ampea 8 zake na kuridhika, huku waya unaiva ndani ya paipu, juu ya dari yenye vumbi na maranda.

2. Jenereta ya njia moja. Ni mtego uleule. Umeme ukikatika unaleta jenereta dogo la volti 230, unaunganisha nyaya tatu za moto pamoja ili banda zote ziwake. Nyutro inabeba jumla ya zote. Kama una nyutro ya pamoja, usifanye hivyo.

3. Taa za LED za bei rahisi. Nyingi hazivuti umeme kwa ulaini kama balbu ya uzi, zinavuta kwa vipande vipande. Vipande hivyo havifutani kwenye nyutro hata kama mzigo wa fezi zote ni sawa. Kwa nadharia nyutro inaweza kubeba hadi karibu mara 1.7 ya mkondo wa fezi moja. LED zinakula umeme mdogo, kwa hiyo banda dogo halitaungua kwa hili, lakini usimruhusu mtu kuweka nyutro nyembamba kuliko waya wa moto.

4. Kinga ya umeme ukivuja. Ile swichi inayokata mtu akipigwa shoti, mafundi wanaiita RCD, inalinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Ukichanganya nyutro za sakiti zilizo kwenye RCD tofauti, hesabu haikubali na inakata kila mara. Fundi mvivu anamaliza tatizo kwa kuing'oa. Ameondoa usumbufu na ameondoa uhai wako.

5. Fundi mwenyewe. Anazima breka ya banda la pili ili abadilishe holda. Anajua amezima. Anafungua muungano wa nyutro, na nyutro hiyo bado inabeba mkondo wa banda la kwanza na la tatu. Anaposhika ncha mbili, anakuwa yeye ndiyo waya. Wakati huohuo banda hizo mbili zimepoteza kigingi. Mtu mmoja amefungua skurubu moja, amejipiga shoti na ameunguza balbu za watu wawili.

Kwa nini bandani ni hatari kuliko nyumbani

Mavi ya kuku yanatoa amonia. Hewa hiyo, ikichanganyika na unyevu, inakula shaba. Ukiona waya wa bandani umegeuka kijani kwenye maungio, ndiyo hiyo. Ongeza vumbi la chakula, panya wanaotafuna ganda la waya, na maji ya kuoshea banda. Muungano ambao sebuleni ungedumu miaka mingi, bandani unalegea mapema. Ukilegea unapata joto, ukipata joto unalegea zaidi.

Sasa kama sakiti moja ina nyutro yake na ikaachia, unapoteza banda moja: taa zinazimika tu, hakuna kinachopata volti 333. Ikiwa ni nyutro ya pamoja, kulegea kwa skurubu moja kunagusa banda zote. Mita 120 za waya zilizookolewa ndizo zilizonunua hatari hiyo.

Ufungaji ninaoushauri

Mwambie fundi wako achague moja kati ya hizi:

Kwanza, kila sakiti na nyutro yake. Breka ya kwanza na nyutro ya kwanza, breka ya pili na nyutro ya pili, zote zimeandikwa namba kwenye boksi. Kama banda zako ziko karibu na mein swichi, usifikirie mara mbili.

Pili, kama banda ziko mbali, vuta kebo moja ya njia tatu hadi mabandani, ile ya kufukia yenye ganda la nyuzi za chuma, ikiwa na nyaya tatu za moto, nyutro yenye unene uleule, na ethi. Mwisho wake weka boksi dogo la breka, na kuanzia hapo kila sakiti ya taa ipate nyutro yake. Kwenye kebo hiyo nyutro inachangiwa, ndiyo, kama inavyochangiwa kwenye laini ya TANESCO yenyewe. Tofauti ni kwamba ni nene, ina maungio mawili tu, mwanzo na mwisho, yamekazwa ndani ya boksi kavu, na swichi yake kubwa inakata nyaya zote nne kwa mpigo. Bado umeokoa waya, ila hujaweka roho ya banda tatu kwenye konekta ya ukutani. Unene wa kebo aupigie hesabu fundi kwa mzigo wako na umbali wako.

Kwa vyovyote vile, simamia haya:

- Boksi la breka likae nje ya chumba cha kuku, sehemu kavu, lifungwe vizuri.
- Nyutro isipite kwenye swichi ya taa. Swichi inakata moto.
- Kusokota waya na kuzungushia tepu nyeusi si muungano.
- Usikubali kamwe nyutro iliyokatika "isaidiwe" kwa kuunga kwenye ethi. Taa zitawaka, na mabati, vyombo vya chuma na bomba vinaweza kuwa na moto.
- Angalia rangi kwa makini. Kwa utaratibu wa zamani nyeusi ni nyutro na bluu ni fezi. Kwa utaratibu mpya bluu ni nyutro na nyeusi ni fezi. Huku kwetu rangi zote mbili ziko madukani na kwenye kuta. Fundi apime, asiamini rangi.
- Fundi awe na leseni ya EWURA, na muulize kama leseni yake inamruhusu kufunga njia tatu. Usione aibu kuomba kuiona. Sehemu nyingi zenye matatizo nilizoziona ni zile zilizoongezwa baada ya TANESCO kukagua na kuondoka.

Kama tayari una nyutro ya pamoja

Usipanike, na usifungue chochote mwenyewe. Ishi na dalili hizi kichwani:

- Ukiwasha kitu kizito banda moja, taa za banda jingine zinaongeza mwanga. Kufifia kidogo kunaweza kuwa waya mwembamba. Kuongezeka mwanga ni nyutro inalegea.
- Balbu za upande mmoja zinaungua kila mara.
- Upande mmoja taa kali, upande mwingine zimefifia.
- Tesita inawaka kwenye nyutro.

Ukiona hata moja, zima mein swichi yote, si breka moja. Chomoa vifaa. Kisha ita fundi. Fundi apime kwa mita kati ya kila fezi na nyutro, huku taa zinawaka: zote tatu ziwe karibu na 230. Akikuta mfano 190 hapa na 270 pale, msiwashe tena hadi muungano upatikane. Na kama tatizo linaonekana hadi nyumbani na kwa jirani, huenda nyutro imeachia kwenye nguzo au kwenye waya wa kuingilia kwako. Hiyo ni kazi ya TANESCO, toa taarifa haraka, usimpandishe mtu nguzo.

Wakati unajipanga kurekebisha, mwambie fundi aunganishe breka za sakiti hizo ili zizimike kwa pamoja, na akaze upya maungio yote ya nyutro. Ni hatua ya muda tu.

Upande wangu wa bwana shamba

Hata umeme ukifungwa vizuri namna gani, kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji nyuzijoto kama 32 hadi 35, kila wiki unashusha kidogo, karibu nyuzi 3. Usiku wa Julai chini ya Uluguru hautakusamehe. Ukiwa juu kule Mgeta ndiyo kabisa.

Kwa hiyo gawa taa za joto. Kama una nne, mbili ziwe kwenye sakiti moja na mbili kwenye sakiti nyingine ya fezi nyingine, kila moja na nyutro yake. Moja ikifa, nusu ya joto ipo. Weka chungu na mkaa tayari, na uache nafasi ya hewa kutoka juu, moshi wa mkaa unaua kuku na mtu. Zungushia bodi kwa duara ili kusiwe na kona ya kulaliana. Na anayelala shambani aambiwe wazi: taa zikibadilika, iwe kuwaka mno au kuzimika, haendelei kulala. Anazima mein swichi, anawasha mkaa, anapiga simu.

Kijana wetu alifunga upya Agosti. Amefukia kebo hadi mabandani, ana boksi dogo lenye breka sita, kila moja na nyutro yake yenye namba. Ile konekta nyeusi ameipigilia msumari juu ya mlango wa stoo. Kila fundi anayekuja kufanya kazi pale anaonyeshwa kwanza hiyo, halafu ndiyo wanaanza kuongea bei.

Nenda leo kahesabu nyaya zinazoingia kwenye boksi la mabanda yako. Ukikuta moto tatu na nyutro moja zimeingia moja kwa moja kwenye taa, umeshajua cha kumuuliza fundi. Kazi njema.